Namugongo ni ya wanaokwenda kwa miguu

Shangazi yangu aliporudi Namugongo, hakuanza kunisimulia kanisa. Alianza na beseni.

Walikuwa wanawake kumi na mmoja na katekista wao, wametoka Bukoba kwa miguu, na siku ya sita jioni wakawa wanakaribia Masaka. Jua lilikuwa limeshazama. Mama mmoja wasiyemjua, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, aliwaona wakipita na vitenge vyao vya WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, akatoka barabarani akawashika mikono. Aliwaketisha kwenye mkeka ukumbini, akaleta beseni la bluu lenye maji ya moto yaliyotiwa chumvi, akapiga magoti na kuanza kuwaosha miguu mmoja baada ya mwingine. Shangazi alikuwa na lengelenge kisigino cha kulia lililokwisha kupasuka, na raba yake ilikuwa imegandana na damu kwa ndani. Yule mama hakusema neno. Alimwagia maji polepole mpaka soksi ikaachia yenyewe, akamfuta, akampaka samli. Baadaye zikaja ndizi zilizofunikwa majani ya mgomba, bado zinafuka mvuke, na mchuzi wa karanga.

"Tulikula kama watoto," shangazi aliniambia. Na kila nilipomuuliza habari za Namugongo yenyewe, za basilika, za maaskofu, za kwaya, alinijibu kwa ufupi na kurudi njiani: nani aliwapa maji Lukaya, nani aliwalaza darasani walipopita Kayabwe pale kwenye alama ya Ikweta, mwanafunzi gani aliwabebea mizigo Mpigi. Kwake yeye, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda ilikuwa na urefu wa kilomita 300 hivi, na kanisa lilikuwa mwisho wake tu.

Nimelifikiria jambo hilo kwa miaka kadhaa sasa, na nimefika mahali pa kuamini kwamba shangazi aliielewa Namugongo vizuri kuliko wengi wetu tunaoandika habari zake.

Kila Juni 3, siku ambayo Uganda nzima huwa mapumziko, mamia ya maelfu ya watu hukusanyika kwenye kilima hicho kilichopo kama kilomita 15 kaskazini mashariki mwa katikati ya Kampala. Wengine hutembea wiki mbili au tatu kutoka kaskazini na magharibi mwa Uganda. Wakenya huingia kwa Busia na Malaba, Wanyarwanda na Wakongo huingia kwa njia zao, na sisi tunapitia Mutukula. Watanzania wengi wanaijua pia Juni 1, siku ambayo kwa miaka mingi mahujaji wetu wamekuwa wakikutana hapo hapo kumwombea Mwalimu Julius Nyerere, ambaye mchakato wa kumtangaza mwenye heri ulifunguliwa mwaka 2005.

Basilika lenyewe linafanana na kitu ambacho mtu wa Kagera hahitaji kuelezwa: nyumba ya msonge. Msanifu wake, Justus Dahinden wa Uswisi, alichukua umbo la nyumba ya Kiganda akalipandisha juu, paa likishuka kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, likishikiliwa na nguzo 22, moja kwa kila shahidi Mkatoliki. Altare iko mahali ambapo, kwa mapokeo, Karoli Lwanga, mmoja wao, alichomwa. Papa Paulo wa Sita alifika Namugongo Agosti 1969, akiwa Papa wa kwanza aliye madarakani kukanyaga ardhi ya Afrika kusini mwa Sahara, na kanisa likawekwa wakfu Juni 3, 1975. Ndani hukaa watu kama elfu moja tu. Hao wengine wote hubaki nje, kwenye mteremko unaozunguka bwawa lenye kisiwa cha altare. Napenda kuamini kwamba aliyechora alijua anachofanya, kwa kuwa Namugongo ni mahali ambapo kanisa ni dogo na uwanja ni mkubwa.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana bila historia hii hoja yangu haisimami.

Kwa Kiganda, kitenzi *okusoma* kina maana ya kusoma, na kina maana ya kusali vilevile. Mtu akisema Jumapili anakwenda kusoma, anakwenda kanisani. Mazoea hayo yametoka katika miaka ya 1870 na 1880, pale vijana wa ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, walipoanza kujifunza dini wakiwa na kitabu mkononi, na watu wakawaita wasomaji. Na kitabu chenyewe mara nyingi kilikuwa cha Kiswahili. Alexander Mackay, fundi na mmisionari wa Kianglikana aliyefika Buganda mwaka 1878, alifundishia Injili zilizotafsiriwa Zanzibar na Askofu Edward Steere, kabla Kiganda hakijapata Injili yake. Kabla ya hapo, wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kuifikisha Kurani. Ahmed bin Ibrahim alifika mbele ya Kabaka Suna wa Pili mwaka 1844. Imani zote tatu ziliingia Buganda kwa barabara ile ile ya misafara kutoka pwani, na lugha yetu ilikuwa kwenye mzigo.

Mapadre Weupe, wamisionari Wakatoliki, nao waliondoka Bagamoyo mwaka 1878, na Padre Siméon Lourdel akafika Buganda Februari 1879. Waganda walimwita Mapera, wakiyatamka kwa ulimi wao maneno ya Kifaransa ya kumwita padre. Lakini mwishoni mwa 1882 hali ya ikulu iliwatia hofu, wakapanda mitumbwi wakaelekea kusini mwa ziwa. Mwaka 1883 waliweka makao Bukumbi, kusini mwa mji wa Mwanza, katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Misungwi. Walikaa mbali na Buganda hadi Julai 1885.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji akae nami. Kwa karibu miaka mitatu Buganda haikuwa na padre Mkatoliki hata mmoja. Hakukuwa na misa. Na katika muda huo waumini waliongezeka. Yosefu Mukasa Balikuddembe, mtumishi mkuu katika nyumba ya Kabaka, aliwafundisha vijana wa ikulu. Andrea Kaggwa, aliyetekwa Bunyoro akiwa mtoto na baadaye kuwa mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka, aliwafundisha watu nyumbani kwake. Matia Mulumba Kalemba alifanya hivyo huko Mityana, na Nowa Mawaggali, mfinyanzi wa vyungu, alikuwa pamoja naye. Mapadre waliporudi walikuta kanisa linaloishi, limelelewa na mpiga ngoma, mfinyanzi, wahudumu wa ikulu na chifu mdogo.

Huyo Matia Mulumba ananigusa kuliko wote. Alizaliwa Busoga, akatekwa utotoni, akalelewa Buganda katika nyumba ya bwana mmoja. Alikuwa Mwislamu kwanza. Kisha akaenda kwa Waprotestanti akasoma nao. Kisha akabatizwa Mkatoliki. Mwishoni mwa Mei 1886 alikatwa viungo kimoja kimoja kwenye kilima cha Kampala ya zamani na kuachwa hapo akiwa hai, mpaka akafa. Mtu mmoja aliyepita milango yote mitatu akitafuta.

Mashahidi wote 22 wa Kikatoliki walikuwa walei. Hakuna padre, hakuna mtawa, hakuna shemasi. Wengine hata ubatizo waliupata usiku wa mwisho kabla ya kuhukumiwa: Kizito, mdogo wao, mwenye umri wa miaka kama 14, alibatizwa na Karoli Lwanga kule Munyonyo walipokuwa wamejua asubuhi itakuja na nini. Lwanga mwenyewe alikuwa amebatizwa Novemba 15, 1885, siku ile ile Yosefu Mukasa alipouawa kwa kumkemea Kabaka Mwanga kuhusu damu ya Askofu James Hannington wa Kianglikana, aliyeuawa kwa amri yake. Mwanga alikuwa kijana aliyerithi kiti chenye hofu pande zote. Aliogopa wageni wanaokuja kutoka mashariki, na alikasirika kwamba vijana wake, ambao amri yake juu yao ilipaswa kuwa ya mwisho, sasa wanamkatalia matakwa yake ya mwili kwa sababu ya mfalme mwingine wasiyemwona. Waliochomwa Namugongo walisubiri kwa wiki nzima wakiwa wamefungwa, huku kuni zikikusanywa. Juni 3, 1886, ilikuwa siku ya Kupaa Bwana. Walivingirishwa kwenye matete kama mizigo. Mmoja wao, Mbaga Tuzinde, alikuwa kijana wa nyumba ya Mukajanga, mkuu wa wauaji, ambaye alimsihi mpaka dakika ya mwisho akane tu, amfiche. Alikataa.

Kwa hiyo ninaposema Namugongo ni ya walei na ya wanaokwenda kwa miguu, ni kwa sababu ndivyo kanisa lile lilivyoanza. Waliobeba imani ile hawakuwa na kiti mahali popote.

Na hapa nina neno kwa wanaopanga sikukuu zetu, zile za huku nyumbani hasa, maana ndizo ninazozijua kwa karibu. Nilihudhuria sikukuu ya somo wa parokia moja, ambaye ni Karoli Lwanga huyu huyu. Kikongwe mmoja alikuwa amefika tangu saa kumi na moja alfajiri, ametembea kutoka kigango cha mbali na fimbo yake, akakaa kwenye benchi la mbele kabisa. Saa tatu ulipoingia msafara wa wageni waalikwa, kijana mmoja wa itifaki alimwinua kwa adabu sana, akamwambia, "Bibi, samahani, hapa ni pa wageni." Kikongwe alisogea. Alisogea tena safu ya tatu ilipojaa. Misa ilipoanza alikuwa amesimama chini ya mwarobaini, nje ya turubai, na mahubiri yalikuwa juu ya vijana wa ikulu waliodharauliwa. Baada ya misa zilifuata hotuba saa mbili kasoro. Sikumsikia mtu hata mmoja akiulizwa umetembea kutoka wapi.

Sina ugomvi na viongozi kuja kusali. Waje, na wanapokuja Namugongo kutoka mataifa yetu yote ni jambo la heri. Lakini tumejenga mazoea ambayo yanaila sikukuu kutoka ndani. Mahema yanagawanywa kwa vyeo, kadi zina rangi, kipaza sauti kinapita kutoka kwa mkubwa hadi kwa mkubwa, na aliyekuja na lengelenge mguuni anakuwa mtazamaji wa shughuli ambayo kwa haki ni yake. Ningeomba jambo moja dogo linalowezekana mwaka huu huu, katika parokia yoyote: safu za kwanza ziwe za waliokuja kwa miguu. Wakae wao mbele, na raba zao zenye vumbi, na vidumu vyao vya maji. Mheshimiwa akae nyuma yao aone migongo yao. Na kabla ya hotuba yoyote, mmoja wa mahujaji apewe kipaza sauti asimulie njia.

Jambo la pili ni zito zaidi. Tunapohesabu mashahidi wa Uganda, Wakatoliki wengi tunasema 22 na kunyamaza. Waanglikana wana wao 23. Watatu wa kwanza, Makko Kakumba, Yusufu Lugalama na Nuwa Serwanga, waliuawa Busega mnamo Januari 31, 1885, karibu miezi kumi kabla ya Yosefu Mukasa. Siku ile ya Juni 3 vijana wa pande zote mbili waliungua pamoja, katika matete ya aina moja. Papa Paulo wa Sita, alipowatangaza watakatifu wale 22 huko Roma Oktoba 18, 1964, aliwataja pia wale waliokufa wakiwa Waanglikana. Papa Francis alipofika Novemba 2015 alianza na eneo la Waanglikana ndipo akaenda kwenye basilika. Lakini hujaji wa kawaida anafika, anasali upande wake, anachota maji yake, anarudi kwenye basi. Sehemu hizo mbili zinafikika kwa miguu kutoka moja hadi nyingine kwa muda mfupi kuliko ule ambao shangazi alitumia kuvuka Masaka mjini.

Kuna na kundi la tatu, ambalo tunalisahau kabisa. Miaka kumi kabla ya Lwanga, mwaka 1876, Kabaka Mutesa wa Kwanza aliwaua makumi ya vijana wa Kiislamu wa ikulu yake. Mutesa alikuwa amefunga Ramadhani na kuisoma Kurani, lakini hakutahiriwa, na vijana wale waliona hawawezi kula nyama aliyochinja asiyetahiriwa wala kusali nyuma ya imamu wa namna hiyo, hata akiwa Kabaka. Walisema hivyo waziwazi. Namugongo palikuwa mahali pa kunyongea na kuchomea watu wa Kabaka tangu zamani, na baadhi yao waliishia hapo hapo. Waislamu wana msikiti wao Namugongo na kumbukumbu yao. Ukiitazama kwa makini, kisa ni kile kile: kijana wa ikulu, kitabu mkononi, amri ya mfalme, na neno hapana.

Wala si mambo ya karne ya 19 peke yake. Basilika liliwekwa wakfu wakati wa Idi Amin, na miaka miwili haikupita Askofu Mkuu wa Kianglikana Janani Luwum akauawa, Februari 1977. Mei 1984 wanajeshi waliivamia Namugongo yenyewe, wakamuua Mchungaji Godfrey Bazira, mkuu wa chuo cha Waanglikana pale, pamoja na watu wengine wengi waliokuwa eneo hilo, miongoni mwao wakimbizi wa vita waliodhani mahali patakatifu patawakinga. Udongo ule umepokea watu wa kila altare na kila kibla. Hujaji wa Kitanzania anayetoka katika nchi ambayo jirani wa Kikatoliki anapika pilau Idd na jirani wa Kiislamu analetewa sahani ya Krismasi, ana sababu zote za kuanzisha desturi ya kupita sehemu zote tatu. Wala haihitaji kamati. Inahitaji viongozi wa misafara, wale makatekista wenye filimbi na daftari la majina, waseme tu: kabla ya kuchota maji, tunapita huku na huku.

Jambo la mwisho linahusu Bukumbi, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu wiki hii.

Watu wa Mwanza tunapita pale bila kujua tunapita wapi. Mwaka 1888, miaka miwili tu baada ya moto wa Namugongo, Kabaka Mwanga alipinduliwa. Alikimbia kwa mtumbwi kuvuka ziwa kuja kusini, kwenye nchi ya Wasukuma. Kwanza aliangukia mikononi mwa wafanyabiashara wa Kiarabu kule Magu, ambako hakuona usalama. Kisha akakimbilia kwa watu ambao angepaswa kuwaogopa kuliko wote: Mapadre Weupe wa Bukumbi, ambao alikuwa amewachomea wanafunzi wao. Walimpokea. Alikaa kwao mpaka alipopata nguvu ya kurudi kupigania kiti chake mwaka 1889. Mwisho wa maisha yake alibatizwa katika kanisa la Kianglikana huko Shelisheli, alikopelekwa uhamishoni na Waingereza, akaitwa Danieri, akafa 1903.

Ndiyo maana naamini hija ya Watanzania wa kanda ya ziwa ingeanzia Bukumbi. Hapo ndipo mapadre walipokimbilia na kuwaacha walei waonyeshe walichonacho, na hapo ndipo muuaji alipokuja kubisha hodi. Kutoka Bukumbi hadi Namugongo ni njia ambayo historia imeipita kwenda na kurudi, na sisi tuna miguu.

Mwezi uliopita nilimpeleka shangazi Bukumbi. Kisigino chake kina kovu mpaka leo, la duara, jeupe kidogo, na siku hizi anatembea polepole. Tulikaa chini ya mwembe, ziwa likiwa mbele yetu limetulia, na wavulana wawili wakitengeneza nyavu. Nikamsimulia habari za Mwanga, ambazo hakuwahi kuzisikia katika maisha yake yote ya jumuiya na rozari: kwamba yule Kabaka mwenyewe, yule wa kwenye picha za moto, aliingia hapa akiwa mkimbizi, wakampokea.

Alinyamaza muda mrefu, akiitazama njia ya mchanga inayopanda kutoka majini.

"Walimpa chakula?" akauliza.

"Walimpa, shangazi."

Akatikisa kichwa taratibu, akavua viatu vyake, akavishika mkononi, tukashuka hadi kwenye maji.